Andika 60, Uone Kinachofuata: Kulinganisha Teknolojia za Darasani Kabla Shule Haijanunua

Mwalimu mkuu anayepata fungu la TEHAMA kwa mara ya kwanza huletewa orodha ndefu yenye idadi ya vishikwambi, ukubwa wa kumbukumbu, uwezo wa betri, aina ya projekta na miezi ya dhamana. Kinachokosekana katika orodha hiyo ndicho kinachoamua kama vifaa vitachakaa kwa kutumika au vitakaa kabatini na nailoni zake, nacho ni namna aliyeunda programu anavyoamini kwamba mtoto hujifunza. Kila programu ya elimu imebeba imani ya namna hiyo, hata kama aliyeiandika hajawahi kulisikia jina la mwanasaikolojia Skinner wala la mwenzake Piaget. Mtaala nao una imani yake, na imani hizo mbili zinapogongana ni mtaala unaoshinda, kwa kuwa wenyewe ndio wenye ratiba, wathibiti ubora na mitihani.

Nitalinganisha makundi matatu ambayo shule ya Tanzania au Kenya inaweza kuyapata kweli. La kwanza ni programu za mazoezi, zinazomuuliza mtoto swali, zikamsahihisha na kumpa nyota. La pili ni zana za uundaji, ambazo hazimuulizi mtoto chochote bali humpa vifaa vya kutengeneza kitu. La tatu ni teknolojia inayokaa mikononi mwa mwalimu au mlezi wa walimu, yaani afisa anayewatembelea darasani, kuanzia redio ya darasani hadi kishikwambi cha kuandalia masomo. Sitayapa nafasi sawa, kwa sababu matatizo ya kuchagua hayako sawa. La pili ndilo linalonunuliwa kwa matumaini makubwa na kutelekezwa kwa haraka zaidi.

Kosa moja mbele ya vifaa vitatu

Tofauti ya makundi haya huonekana vizuri pale mwanafunzi anapokosea. Chukua pembetatu yenye pande tatu sawa. Mwanafunzi amekwisha kukariri kwamba kila pembe yake ya ndani ni nyuzi 60, na sasa anatakiwa kuelewa pembe ya nje.

Katika programu ya mazoezi, swali linatokea kwenye kioo: pembe ya nje ni nyuzi ngapi? Anaandika 60. Kioo kinaonyesha alama nyekundu na maneno “jaribu tena”. Anaandika 90, inakuwa vilevile. Anaandika 120, nyota inaruka na mlio unasikika. Programu imeweka kumbukumbu kwamba amepata kwa jaribio la tatu, na ikiwa imeundwa vizuri itamrudishia swali linalofanana baada ya siku chache. Yote haya yamechukua chini ya dakika moja. Iwapo anajua kwa nini jibu ni 120, programu haijui, na pengine na yeye hajui.

Katika Scratch, zana ya uundaji ambayo mtoto huitumia kuandika programu kwa kuunganisha vipande, mwanafunzi huyohuyo anataka paka wa kwenye kioo achore pembetatu. Anaunganisha vipande vya amri: nenda hatua 100, geuka nyuzi 60, rudia mara tatu. Anabonyeza bendera ya kijani, na paka anachora nusu ya umbo la pande sita. Hakuna aliyemwambia kwamba amekosea, ila kilichochorwa si alichotaka. Anarudia, matokeo ni yaleyale. Hatimaye anasimama, anatembea juu ya sakafu kana kwamba yeye ndiye paka, na anapofika pembeni anatambua kwamba mtu anayetembea kandokando ya umbo hageuki kwa kiasi cha pembe ya ndani, bali kwa kiasi kilichobaki kufikia 180. Anaandika 120. Kipindi cha dakika 40 kimekwisha, naye amejua jambo moja ambalo ni vigumu kulisahau.

Katika kundi la tatu, mwalimu amewapa wanafunzi swali hilo, akaona kwa haraka kwamba zaidi ya nusu ya darasa wameandika 60. Anaacha alichokuwa amepanga, anachora pembetatu kubwa kwa chaki sakafuni, anamwita mmoja aitembee na mwingine aeleze anachokiona. Mabishano yanazuka, na maelezo yanatoka kwa wenzao. Teknolojia imefanya kazi ndogo tu ya kumwonyesha mwalimu kosa liko wapi na limeenea kiasi gani. Kufundisha kumefanywa na watu.

Hakuna kati ya njia hizi tatu iliyo ya kijinga. Kila moja inajibu swali tofauti kuhusu kujifunza ni nini.

Programu za mazoezi: hatua ndogo, jibu papo hapo

Mwaka 1953 mwanasaikolojia wa Marekani B. F. Skinner alitembelea darasa la hisabati la binti yake, akaona watoto wote wakifanya maswali yaleyale kwa mwendo uleule, wenye kasi wakingoja na wazito wakiachwa, na wote wakiwa hawajui kama wamepata hadi mwalimu asahihishe baadaye. Alichokiunda baada ya hapo kilikuwa kisanduku cha kufundishia kilichotoa swali dogo, kikapokea jibu na kuthibitisha papo hapo. Mwenzake Sidney Pressey alikuwa amejaribu mashine ya namna hiyo miaka ya 1920. Nadharia iliyo nyuma yake ni ya tabia: tendo linalofuatiwa na tuzo hurudiwa, basi gawa somo katika hatua ndogo, toa tuzo kwa kila hatua sahihi, na kila mmoja aende kwa mwendo wake. Vaa miwani hiyo kisha fungua programu yoyote ya mazoezi ya leo yenye nyota, sarafu na ngazi, na utakiona kisanduku cha Skinner kikiwa kimepakwa rangi.

Watu waliosomea ualimu katika miaka ya karibuni hufundishwa kuidharau nadharia hii, na mimi nadhani dharau hiyo imezidi kipimo. Kuna mambo ambayo hayajengwi kwa mjadala. Silabi, majedwali ya kuzidisha na tahajia huhitaji kurudiwa hadi zifanyike bila kufikiri, ili akili ibaki huru kushughulikia mengine. Mwalimu mwenye wanafunzi 70 hawezi kumsikiliza kila mmoja akisoma “ma me mi mo mu” kila siku, lakini mashine inaweza.

Ushahidi mzuri zaidi tulio nao umetoka Tanga. Katika shindano la Global Learning XPRIZE, lililofikia kilele mwaka 2019, programu tano za Kiswahili zilijaribiwa katika vijiji takriban 170 vya mkoa huo kwa muda wa miezi 15, kwa watoto wapatao 2,700 waliopewa vishikwambi vilivyochajiwa kwa umeme wa jua. Asilimia 74 ya watoto hao hawakuwahi kwenda shule, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Mwisho wa jaribio idadi ya wasioweza kusoma neno ilikuwa imepungua kwa nusu, na programu mbili, Kitkit School na onebillion, ziligawana tuzo kuu. Hazikuwa programu za mazoezi matupu, kwa kuwa zilikuwa na hadithi na michezo ndani yake, lakini uti wa mgongo ulikuwa hatua ndogo, majibu ya papo hapo na mwendo wa kila mtoto.

Muuzaji akikutajia Tanga, mkumbushe masharti yake. Kila mtoto alikuwa na kifaa chake, na kifaa hicho hakikushindana na ratiba ya shule yoyote. Hapakuwa na mtaala wa kugongana nao. Shule yako haiko hivyo.

Mfano wa pili ni wa Delhi nchini India, ambako utafiti uliochapishwa mwaka 2019 kuhusu programu ya Mindspark ulionyesha maendeleo makubwa katika hisabati na Kihindi baada ya miezi minne na nusu tu. Nguvu ya programu hiyo ilikuwa kumpima mwanafunzi kwanza na kumpa kazi ya kiwango alichopo, si kiwango ambacho muhtasari wa somo unadai awepo. Na ilitumika katika vituo vya baada ya masomo, pamoja na mafundisho ya vikundi vidogo. Hapa tena mtaala ulikuwa umekaa kando. Mtoto wa darasa la sita anayerudishwa kwenye kutoa kwa kukopa, ambako ni kazi ya madarasa ya chini, ananufaika kweli, lakini manufaa hayo hayawezi kuonekana katika mtihani wa mwezi ujao unaouliza sehemu na desimali. Mwalimu wa taaluma asiyeelezwa hilo mapema atasema programu haifanyi kazi, na kwa kipimo alichopewa atakuwa sahihi.

Kuna kasoro mbili ambazo mnunuzi anaweza kuziona mwenyewe bila kusoma utafiti wowote. Ya kwanza niliiona nikiwa nimeketi nyuma ya mvulana wa darasa la tatu aliyekuwa akisifiwa kwa kuwa na nyota nyingi kuliko wote. Swali lilipotokea na majibu manne, aligusa la kwanza, la pili, la tatu na la nne kwa kufuatana, kwa kasi ya mtu anayepukuchua mahindi, hadi mlio wa ushindi uliposikika, kisha akasubiri swali linalofuata. Macho yake yalikuwa kwenye hesabu ya nyota iliyo juu ya kioo. Programu ilikuwa imemfundisha vizuri kabisa, ila si kusoma. Programu iliyoundwa kwa uangalifu hukata mchezo huo kwa kuchelewesha jaribio la pili au kwa kutotoa tuzo kwa jibu lililobahatishwa.

Kasoro ya pili ni ya lugha, nayo hujificha ndani ya neno “imetafsiriwa”. Programu nyingi za kufundishia kusoma zimejengwa juu ya Kiingereza, ambako herufi s, a, t, p, i na n huanza kwa sababu huunda maneno mengi mafupi ya lugha hiyo. Kiswahili hakisomwi hivyo. Mtoto wetu huanza na irabu tano, kisha silabi, na akishazishika silabi anaweza kusoma karibu neno lolote kwa sababu herufi zetu hazibadiliki sauti. Programu iliyotafsiriwa maneno bila kubadilishiwa mpangilio humvutia mtoto upande mmoja wakati ubao wa mwalimu unamvutia upande mwingine, na kati ya wawili hao mtoto hubaki anakisia.

Zana za uundaji: ahadi kubwa, gharama iliyofichika

Seymour Papert alifanya kazi na Jean Piaget mjini Geneva kabla ya kuhamia Marekani, ambako yeye na wenzake waliunda LOGO, lugha ya kompyuta ya watoto, mwaka 1967. Kutoka kwa Piaget alichukua wazo kwamba mtoto hapokei maarifa bali huyajenga mwenyewe kwa kugusana na dunia, akaongeza lake: kwamba huyajenga vizuri zaidi anapotengeneza kitu ambacho wengine wanaweza kukiona. Scratch, iliyotoka mwaka 2007 na ambayo hupatikana pia kwa Kiswahili, ni mjukuu wa LOGO.

Wazo hilo si geni kwetu. Elimu ya Kujitegemea ya Mwalimu Nyerere, iliyotolewa Machi 1967, mwaka uleule wa LOGO, ilitaka shule iwe mahali pa kufanya kazi na kufikiri kwa pamoja, wanafunzi wapange shamba lao, waamue, wakosee na wajifunze kutokana na matokeo. Nyerere aliona pia adui wa mpango huo yuko wapi, kwa kuwa katika maandishi hayohayo alitaka mitihani ipunguziwe uzito. Kilichofuata tunakijua tuliosoma shule za serikali: mitihani ilibaki na uzito wake, na shamba la shule likawa mahali pa kupelekwa aliyechelewa namba. Nautaja mfano huu kwa sababu ndio njia ileile ambayo chumba cha kompyuta hupitia kikinunuliwa kwa ajili ya uundaji katika shule inayopimwa kwa kukumbuka.

Jaribio kubwa la kimataifa la wazo hili lilikuwa kompyuta ndogo za mradi wa One Laptop per Child (kompyuta moja kwa kila mtoto), uliochota fikra zake moja kwa moja kwa Papert. Peru ilinunua nyingi. Watafiti wa Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika walipolinganisha shule 319 za vijijini baada ya miezi 15, hawakuona tofauti ya alama za hisabati wala za lugha kati ya waliopewa kompyuta na wasiopewa, ingawa waliona dalili za maendeleo katika vipimo vya uwezo wa jumla wa kufikiri. Mtetezi wa Papert atasema kwamba kumpima aliyejifunza kuunda kwa mtihani wa kukumbuka ni kama kumpima mvuvi kwa idadi ya mahindi. Ana hoja. Lakini mwalimu mkuu hachagui mtihani, hupangiwa.

Ndiyo maana kwa kundi hili swali la mtaala huja kabla ya swali la fedha. Kwenye maandishi, mitaala yetu mipya inaupendelea uundaji. Mtaala wa Umilisi wa Kenya, ambao wengi huuita CBC, ulioanza kutekelezwa rasmi katika madarasa ya chini mwaka 2019, umeutaja ujuzi wa kidijitali kuwa mmoja kati ya umilisi saba wa msingi. Tanzania ilianza kutekeleza mitaala iliyoboreshwa Januari 2024, nayo inasisitiza umahiri na stadi za kazi. Mnunuzi asiishie kwenye utangulizi wa mtaala, bali afungue ukurasa unaohusu upimaji. Tathmini ya Gredi ya 6 nchini Kenya, iliyofanyika mara ya kwanza mwaka 2022, ilibuniwa ichukue asilimia 40 ya alama, na asilimia 60 zitokane na tathmini za shuleni, ambamo kazi za mradi zinaweza kuhesabiwa. Katika mfumo wa aina hiyo saa moja ya Scratch inaweza kuingia katika alama za mtoto. Pale ambapo karatasi ya mwisho ndiyo kila kitu, saa hiyohiyo itaonekana ni mchezo, na kufikia muhula wa pili mwalimu wa hisabati atakuwa ameiomba kwa ajili ya marudio.

Gharama iliyofichika ni muda. Katika kipindi cha dakika 40, dakika saba huishia katika kutoka darasani, kufungua chumba na kuwasha vifaa, na nyingine kadhaa katika kuvizima na kuvihesabu. Kinachobaki hakitoshi kukosea mara mbili, ilhali nadharia nzima imejengwa juu ya kukosea zaidi ya mara mbili. Shule inayotaka zana hizi itenge vipindi viwili vinavyofuatana au iziweke katika klabu ya mchana. Faida moja hutajwa mara chache: hapa uhaba wa vifaa si msiba. Wanafunzi wawili kwenye kifaa kimoja hubishana kabla ya kubonyeza, na ubishi huo ndio sehemu yenye thamani. Watatu ni wengi, kwa kuwa wa tatu hugeuka mtazamaji.

Sharti la mwisho ni mwalimu aliyewahi kuchora pembetatu yake mwenyewe na kupata nusu ya umbo la pande sita. Asiyepitia hapo atamwambia mtoto “weka 120” sekunde ya kumi, kwa nia njema kabisa, na Scratch itakuwa imegeuka programu ya mazoezi isiyo na nyota.

Teknolojia ya mwalimu: haivutii, lakini hudumu

Mwanasaikolojia wa Kisovieti Lev Vygotsky, aliyefariki mwaka 1934 akiwa na miaka 37, alisema kwa ufupi kwamba anachoweza mtoto leo kwa msaada wa mwingine ndicho atakachoweza kesho peke yake. Kwa mtazamo huo kifaa bora si kinachozungumza na mtoto, bali kinachomfanya mtu aliye karibu na mtoto awe msaidizi bora.

Redio ndiyo kongwe katika ukoo huu. Zanzibar ilikuwa na mradi wa RISE, ambao vipindi vyake vya “Tucheze Tujifunze” vilirushwa kwa watoto wa awali na madarasa ya kwanza: sauti inauliza, inanyamaza, watoto wanajibu kwa pamoja, wanaimba, wanahesabu vijiti, na mlezi aliye nao anaendesha shughuli. Ukikisikiliza kipindi cha namna hiyo utamsikia Skinner katika ule ukimya wa kusubiri jibu, na Vygotsky katika mlezi aliyesimama katikati ya duara. Nadharia safi huwa ni za vitabuni.

Kwa anayechagua leo, ulinganisho wenye manufaa zaidi ulifanyika Kaunti ya Kisumu, katika matayarisho ya programu ya kusoma iliyokuja kuitwa Tusome na kuenezwa Kenya nzima kuanzia 2015. Shule za makundi matatu yaliyolinganishwa zilipata mafunzo na vitabu vilevile. Kilichotofautiana ni mahali teknolojia ilipowekwa: kundi moja vishikwambi walipewa maafisa wanaowatembelea walimu darasani, kundi la pili walipewa walimu wenyewe, na la tatu wanafunzi walipewa vifaa vya kusomea vitabu vya kielektroniki. Makundi yote yalipiga hatua, lakini kuweka vifaa darasani hakukuongeza cha maana juu ya kile ambacho mafunzo na vitabu vilikwisha kuleta. Ukigawa gharama kwa mtoto, vishikwambi vya maafisa vilikuwa nafuu kwa mbali, kwa sababu afisa mmoja hugusa shule nyingi. Kenya ilipoieneza Tusome ilichukua njia hiyo, na afisa aliyekaa nyuma ya darasa aliandika alichokiona kwenye kishikwambi, kisha akazungumza na mwalimu kabla ya kuondoka.

Tanzania imeingia njia hii kwa mlango wa pembeni. Vishikwambi vilivyotumiwa na makarani wa Sensa ya Watu na Makazi ya 2022 viligawiwa baadaye kwa walimu. Kifaa kilichonunuliwa kuhesabia watu hakikuja na nadharia yoyote ya ujifunzaji, na ndiyo sababu matumizi yake yanatofautiana kutoka ofisi moja ya walimu hadi nyingine. Palipo na vikao hai vya MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, walimu hukaa pamoja, hufungua moduli, hubishana kuhusu somo lililowashinda wiki iliyopita. Pasipo na vikao hivyo, kishikwambi ni simu kubwa.

Udhaifu wa kundi hili unafahamika: nguvu yake haizidi ya mwalimu aliyeko. Wapo walioujibu udhaifu huo kwa kumwandikia mwalimu somo neno kwa neno kwenye kioo ili alisome kama lilivyo. Njia hiyo humsaidia asiyejiamini na hupunguza tofauti kati ya darasa na darasa, lakini siku ambayo nusu ya watoto wameandika 60, maandishi yanaendelea kwenye aya inayofuata.

Kuchagua kwa hesabu ya shule yako

Chukua darasa lenye wanafunzi 72 na vishikwambi 12. Hesabu hii niliifanya ubaoni mbele ya kamati ya shule moja, na ilibadilisha uamuzi uliokuwa karibu kutiwa saini. Programu ya mazoezi inadai kifaa kimoja kwa mtoto mmoja, hivyo darasa linahitaji zamu sita. Ikiwa ratiba inatoa vipindi viwili kwa wiki, kila mtoto atashika kishikwambi mara moja kwa wiki tatu. Nadharia ya programu hiyo inasema mazoezi yawe mafupi na ya mara kwa mara, sasa mara moja kwa wiki tatu si mazoezi, ni matembezi. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kama programu ni nzuri, mnunuzi anakuwa amekwisha kujua kwamba katika shule hii haiwezi kuwa vile ilivyokusudiwa. Ingewezekana kama vifaa vyote 12 vingewekwa kwa watoto wachache ambao bado hawajui kusoma, dakika 20 kila siku, na wengine wasiguse kabisa. Uamuzi huo ni mgumu mbele ya wazazi, ila kielimu ndio unaotetewa na nadharia yenyewe.

Vifaa hivyohivyo 12 vinatosha klabu ya Scratch ya wanafunzi 24, ikiwa yupo mwalimu mmoja mwenye hamu na mtaala unaokubali mradi kama sehemu ya alama. Vikienda kwa walimu, vinatosha shule nzima na kubaki.

Kwa hiyo, kwa madarasa ya kwanza matatu yenye watoto wengi wasiosoma, ningeanza na teknolojia ya mwalimu, kisha programu ya mazoezi inayofuata mpangilio wa silabi kwa wale walioachwa nyuma. Kwa madarasa ya juu ya msingi na sekondari ya chini yenye tathmini ya shuleni inayohesabiwa, uundaji unastahili nafasi, lakini kwa vipindi viwili mfululizo. Kwa kidato cha pili na cha nne, ambako mtihani uko mlangoni, ningechukua benki ya maswali inayoonyesha mifano iliyofanywa hatua kwa hatua kabla ya kuuliza. Mwanasaikolojia wa elimu John Sweller alionyesha tangu miaka ya 1980 kwamba anayeanza somo hulemewa akiachiwa tatizo zima, na hujifunza upesi zaidi kwa kuona kazi iliyokamilika. Na kwa mwanafunzi wa Tanzania aliyehama kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza alipoingia kidato cha kwanza, mzigo huo ni wa mara mbili. Pasipo na intaneti ya kutegemewa, mfumo kama Kolibri, unaohifadhi masomo katika kompyuta moja na kuyagawa kwa vifaa vilivyo karibu, huondoa kisingizio cha mtandao.

Muuzaji atakapofika, mpe muhtasari wa somo la muhula huu na umwombe akuonyeshe mada tatu zilizomo ndani ya programu yake, kwa mpangilio wa muhtasari na si wa kwake. Muulize ripoti ya mwalimu inaonyesha nini: nyota na dakika tu, au makosa yenyewe. Kisha chukua kishikwambi mkononi, nenda kwenye swali la pembe ya nje, andika 60, na ukiweke katikati ya meza ili wajumbe wote wa kamati waone kinachofuata.